Mdundiko asiuache

Dada yangu, umeuliza kama binti yako aache mdundiko, ngoma ya asili ya Wazaramo, ajifunze dansi ya kisasa tu kabla ya usaili wa kundi la vijana. Asiache! Nimefundisha watoto ngoma hapa Bagamoyo miaka mingi: anayejua kumsikiliza mpiga ngoma hushika hatua mpya upesi sana. Chuo cha Sanaa chenyewe, siku hizi TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kilianza 1981 baada ya kundi la ngoma la taifa kuvunjwa, na baadhi ya wachezaji wake ndio waliokuja kufundisha hapa. Siku yenyewe avae nguo nyepesi, afike mapema, apashe mwili moto. Akikosea hatua asisimame, aufuate mdundo. Na tafadhali, umsindikize.