Barua kwa mwanangu: homa ya mtoto baada ya chanjo

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu sana. Umeniambia mjukuu wangu jana alichomwa chanjo za wiki 10, usiku akachemka, paja la kushoto limekuwa gumu, na kile kidonda cha begani bado kinatoa usaha. Unauliza kama ni kawaida, na vitaisha lini.

Nianze na paja, maana ndilo linalomliza. Hapo huchomwa Pentavalenti, sindano moja ya kukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na vijidudu vya Hib, vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Inayochemsha watoto zaidi ni sehemu ya kifaduro, kwa sababu imetengenezwa kwa bakteria waliouawa, mwili wao wote, si vipande tu. Joto hupanda siku hiyohiyo, likaisha ndani ya siku 1 au 2. Maumivu na uvimbe huchukua siku 2 au 3. Kikibaki kigololi kigumu kisichouma, kiache, kitayeyuka chenyewe kwa wiki kadhaa. Na kwamba sindano ya kwanza hakupata homa si dalili kwamba safari hii wamekosea.

Mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo hata kama bibi wa huko atataka afunikwe blanketi. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa kiweke juu ya uvimbe. Usimkande kwa maji ya moto, usisugue, usipake kitunguu. Dawa ya maji ya parasetamoli hupimwa kwa kilo za mtoto, nazo zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mpigie nesi akutajie kiasi kabla hujampa. Asprini asipewe kabisa.

Kidonda cha begani ni habari nyingine. Ile ni BCG ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa. Baada ya wiki chache hutoka kipele, kikatumbuka, kikatoa majimaji, kisha kikakauka polepole na kuacha kovu. Huweza kuchukua miezi kadhaa. Osha kwa maji safi tu, usikamue wala kutia dawa ya unga. Lakini ukipapasa kwapani ukakuta tezi limevimba, mpeleke akaangaliwe.

Ninachokuomba ushike sana ni siku. Homa ikipita siku 2, au ikianza siku ya nne, usiseme ni ya chanjo. Katika miaka yangu ya unesi hapo ndipo nilipoona watoto wanacheleweshwa: mama anangoja homa ya sindano iishe, kumbe ni malaria. Mpeleke apimwe. Na akipata degedege, akilegea, akikataa ziwa, akihema kwa shida, au akilia zaidi ya saa 3 bila kubembelezeka, usingoje hata kukuche. Mzio mkali wenyewe huja dakika chache baada ya sindano, ndiyo maana mliambiwa mkae kwanza kwenye benchi. Ni nadra mno, takriban mara 1 katika dozi milioni.

Akifika miezi 9 atachomwa ya surua na rubela. Hiyo homa yake huchelewa: huja kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vidogo, ikakaa siku 1 au 2. Andika tarehe ya sindano ukutani, maana wakati huo utakuwa umeshaisahau.

Nipigie jioni ukishampima joto.

Mama yako