Antena ya Safu: Pima Nafasi Kabla Hujalaumu Programu

Antena ya safu, yaani paneli ya antena ndogo nyingi (elementi) zinazofanya kazi pamoja, haizunguki kama dishi. Mwale wake hugeuzwa kwa kupishanisha fezi za elementi, yaani hatua ambayo wimbi la kila moja limefikia katika mzunguko wake, na makosa mengi ya wageni huanzia kwenye nafasi kati ya elementi hizo. Ikokotoe nafasi hiyo kwa masafa ya mawimbi (gigahezi) ya juu kabisa utakayotumia, si ya katikati.

Tuseme umepanga elementi kila milimita 12.5, yaani nusu ya urefu wa wimbi kwa gigahezi 12, halafu unarusha gigahezi 14.5 kwenye bodi ileile. Wimbi sasa lina milimita 20.7 tu. Mwale ukitazama mbele moja kwa moja, kila kitu ni safi. Ukivuka digrii 41 hivi, mwale pacha unachomoza upande wa pili. Elekeza digrii 60 kulia, na pacha atakuwa digrii 52 kushoto, anakula nguvu yako na kuisumbua setilaiti isiyokuhusu. Hakuna programu itakayomfuta. Kwa gigahezi 14.5 na digrii 60, nafasi isizidi milimita 11. Weka 10.3, ulale.

Hesabu ya fezi ni nyepesi. Kwa nafasi ya nusu wimbi na mwale wa digrii 30, kila elementi hupishana na jirani yake kwa digrii 90: 0, 90, 180, 270, kisha 0 tena. Mwale ukitokea digrii 30 upande usiotakiwa, ama umegeuza alama ya kutoa, ama umehesabu elementi kuanzia ukingo wa pili. Rekebisha kimoja tu. Ukigeuza vyote viwili unarudi palepale.

Jedwali la fezi, yaani orodha ya fezi ya kila elementi, la gigahezi 11.7 usilitumie kwenye 12.2. Mwale wa digrii 60 utashuka hadi 56, na kwa safu yenye elementi 32 kila mstari umeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya ishara. Kila chaneli ipewe jedwali lake.

Kalibresheni, yaani kupima na kusawazisha fezi halisi za elementi, ndiyo inayokula siku. Washa paneli, subiri joto litulie, ndipo upime, kwa sababu fezi ya amplifaya huhama na joto. Usiwashe elementi moja moja, kwani majirani huathiriana kwa mawimbi. Ziwashe zote, zungusha fezi ya moja digrii 360 nzima, na uandike inapofikia kilele. Paneli ya sentimita 30 kwa gigahezi 14.5 inataka umbali wa mita 8.7 hivi hadi kwenye antena ya kupimia; ukipima mita 3, mpindo wa wimbi utausoma kama ubovu wa elementi za pembeni, na utaanza kubandua chipu nzima.

Elementi chache zikifa, usihangaike sana: asilimia 5 hupunguza ongezeko la antena (uwezo wake wa kukusanya nguvu upande mmoja) kwa karibu nusu desibeli. Kinachoumiza ni mwale kuinama. Kwenye digrii 60 toa desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, kwa uchache, na kwa paneli halisi mara nyingi 4 au zaidi.