Usimwambie mama yake: yaliyonikuta Melbourne na kijana wa Khon Kaen

Usimwambie mama yake. Usimdokezee, usimpime, wala usimwandalie kijana "mazingira ya kusema". Nimeusoma uzi wako mara mbili, dada, na mara zote mbili moyo umenienda mbio, kwa sababu unakaribia kufanya kosa nililolifanya mimi, tena kwa nia njema ile ile.

Umeandika kwamba katika bweni unalolisimamia Brisbane kuna wanafunzi wawili kutoka Thailand, kwamba mmoja amekueleza kuwa ana mpenzi wa kiume, kwamba mama yake anakuja kwenye mahafali mwezi Desemba, na kwamba unataka kuandaa chakula cha jioni ili kijana "autue mzigo" mbele ya mzazi huku wewe ukimshika mkono. Umeuliza pia habari za bima ya afya. Hilo nitalifikia.

Mwaka 2019 nilikuwa msimamizi wa bweni Melbourne. Miongoni mwa vijana wangu alikuwamo mmoja wa Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambaye mama yake alikuwa mwalimu wa sekondari na baba yake mtumishi katika ofisi ya wilaya. Aliniita "phi", neno ambalo kwao huitwa kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa, nami nikaufurahia ukubwa huo kuliko nilivyoustahili. Usiku mmoja jikoni, akikaanga wali na mayai, aliniambia kwamba yule anayezungumza naye kwa simu kila jioni ni zaidi ya rafiki. Hakuomba msaada wowote; alikuwa ananieleza tu kwa nini sauti yake husikika ukumbini hadi saa sita za usiku. Ningemjibu "haya, punguza sauti", leo nisingekuwa na la kukuandikia.

Mimi nikasikia kilio ambacho hakikuwapo. Ilipokaribia tarehe 17 Mei, siku ya kimataifa ya kupinga chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, bweni lilitaka picha za wanafunzi kwa ajili ya ukurasa wake wa Facebook. Nilimwuliza kama angependa kushiriki, akatabasamu akasema, "Ndiyo, phi." Nikamwuliza tena kesho yake, akajibu vivyo hivyo. Mara ya tatu aliinamisha kichwa kidogo na kuniuliza kama nimeshakula, nami nikajaza kwenye fomu kwamba ameridhia. Picha ikatoka ikiwa na jina lake kamili, mji alikotoka, na sentensi ya fahari ambayo niliitunga mimi, kwa kuwa yeye alisema hajui aandike nini. Mtu anasoma shahada ya pili na anashindwa kupata sentensi moja juu ya nafsi yake, na bado sikushtuka. Uelewa wangu siku hizo ulikuwa wa kupigiwa mfano, mfano mbaya.

Picha ile ilifika Khon Kaen kabla wenzangu wa ofisini hawajaiona. Binamu yake alimtumia shangazi, shangazi akaitia katika kundi la ukoo kwenye LINE, programu ya kutumiana ujumbe, na kutoka hapo ikaingia katika chumba cha walimu anakofundisha mama.

Na mama alikuwa anajua. Hili ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Yule mpenzi alikuwa akiingia katika nyumba ile kwa miaka minne. Wakati wa Songkran, mwaka mpya wao wa mwezi Aprili, alipiga magoti pamoja na watoto wa nyumba akiwamwagia wazee maji ya manukato mikononi, na mama alimwekea sahani yake kama wengine. Aliitwa rafiki, na kila aliyelitamka neno hilo alijua analisemea nini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nikaubeba mtungi wenyewe nikaumwaga barazani. Mwalimu mwenzake mama akamwuliza, mbele ya watu, swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna jirani aliyethubutu kulileta mlangoni. Wathai huita hali hiyo "sia na", kuharibikiwa uso. Sisi tuliokulia Tanga tunajua kuadhirika ni nini, na tulifundishwa stara kabla ya kufundishwa kusoma, kwa hiyo sina hata udhuru wa ugeni.

Ada ya muhula uliofuata haikuja. Baba hakutukana wala hakuandika barua; aliacha tu kutuma fedha. Visa ya mwanafunzi wakati ule ilimruhusu kufanya kazi saa 40 kwa kila wiki mbili, na kwa kuosha vyombo saa 40 hulipi ada ya mwanafunzi wa kigeni hata ukiziosha ukiwa umefumba macho. Mwezi Julai alirudi kwao akiwa amebakiza mihula miwili. Alikuwa amepanga kuingia utawa wa Kibuddha kwa majuma machache baada ya kuhitimu, kama watoto wengi wa kiume wa Kithai wanavyofanya ili thawabu iwafikie mama zao. Badala yake alinyoa nywele na nyusi mwezi ule ule, akakaa hekaluni miezi mitatu yote ya mvua, ili mama apate jambo jingine la kujibu watu wakimwuliza habari za mwanawe. Alinieleza hayo kwa ujumbe wa adabu sana, akaniomba radhi kwa usumbufu. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Aliyenipotosha alikuwa mkufunzi mmoja aliyeletwa kutupa semina ya saa mbili, mwenye slaidi za rangi zote na kauli moja: kwamba kimya ni aibu, na kazi yetu ni kumsaidia kila kijana akivunje. Alituambia pia kwamba Thailand ni pepo ya watu wa namna hii, kwa ushahidi kwamba yeye mwenyewe alikaa Pattaya wiki mbili akaona maonyesho ya makathoey, yaani waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, jukwaani. Hakutuambia kwamba kumpigia makofi kathoey jukwaani ni jambo moja, na mtoto wa mtumishi wa serikali kutajwa kwa jina ni jingine. Wala hakututajia kwamba baadhi ya makathoey hao hao walikuwa wakiandikiwa katika hati za kuachwa na jeshi kwamba wana ugonjwa wa akili wa kudumu, hadi mahakama ya utawala ilipotoa hukumu ya kulikataza hilo mwaka 2011. Cheti cha semina ninacho bado. Ni kigumu, na kinafaa sana kuwekea kikombe cha chai.

Hakututajia pia "kreng jai", ile hali ya Mthai kuona vigumu kumtaabisha mwingine, hasa aliyemzidi umri au cheo, hata akubali jambo asilolitaka. "Ndiyo, phi" zangu tatu zilikuwa hapana tatu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na imenunuliwa kwa ada ya mtu mwingine: kabla neno, picha au jina lake halijatoka kinywani mwako, akuandikie mwenyewe ni nani hasa hatakiwi kulijua, na asipokuandikia, halitoki. Usimwulize uso kwa uso, kwa sababu usoni atakubali. Mtumie ujumbe, mpe siku kadhaa, na uupange ili kukataa kusimgharimu chochote: akinyamaza, basi amekataa.

Najua utanijibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba Seneti yao ilipitisha ndoa za jinsia moja tarehe 18 Juni 2024 kwa kura 130 dhidi ya 4, na kwamba sheria ilianza kutumika tarehe 23 Januari 2025, ya kwanza Kusini Mashariki mwa Asia na ya tatu Asia nzima baada ya Taiwan na Nepal. Ni kweli, na niliifurahia. Lakini hata mwaka 2019 kijana wangu hakuwa akikimbia sheria. Mapenzi ya jinsia moja si kosa la jinai kwao tangu miaka ya 1950. Ni mimi niliyesafiri na sheria ya Tanzania kichwani, ambayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, nikadhani kila anayenyamaza anawaogopa polisi. Ofisi ya wilaya itamwandikishia ndoa siku atakayotaka mwenyewe, lakini haiwezi kumjibia mama yake maswali ya walimu wenzake.

Kuhusu bima, karibu kila mwenye visa ya mwanafunzi Australia hulazimika kuwa nayo. Hata hapo hakikisha kwamba barua pepe iliyoandikwa kwenye bima ni ya kwake, si ya mzazi au wakala aliyemlipia, kwa sababu taarifa ya kliniki ikienda kwa asiyehusika tumerudi kule kule kwenye picha yangu.

Chakula cha Desemba kiandae, ila kwa namna nyingine. Mwulize kijana kwa ujumbe kama anataka mpenzi wake awepo, na usimwulize mara ya pili. Akiwepo, mama apakuliwe chakula kwanza, na huyo kijana mwingine aitwe kwa jina lake la utani, kama wanavyoitana wenyewe. Mama akisema "rafiki yake", nawe sema "rafiki yake". Akiamua kumwekea kipande cha samaki sahanini, usimtazame kwa macho ya machozi, na kwa jina la Mungu usipige picha. Na ile hotuba fupi uliyotuwekea mwishoni mwa uzi, ifute leo kabla hujaanza kuikariri.