Mtoto anakariri maana za maneno 10 kila siku, wiki ijayo kasahau yote. Nifanyeje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mie ni mama wa watoto wawili, niko Makorora hapa Tanga. Kijana wangu yuko darasa la nne, kusoma anasoma tena haraka tu, lakini ukimuuliza kilichoandikwa kinahusu nini anakukodolea macho. Mwalimu wake kaniambia mtoto hana msamiati. Basi nikanunua kamusi, kila siku namwandikia maneno 10, anatafuta maana, anaandika kwenye daftari, anakariri, Ijumaa namsikiliza. Ijumaa anapata hata 45 kwenye 50. Wiki ya pili ukimrudia yaleyale hajui hata matano. Afu maneno mengine anasema kwenye kamusi hayamo kabisa. Je nimpeleke tuisheni? Na mtoto wa umri wake anatakiwa aongeze maneno mangapi kwa mwaka?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hongera, maana kukaa na mtoto kila jioni na daftari baada ya kazi za siku nzima si jambo dogo, na hiyo jioni ndo mtaji wetu, hatuiachi, tunabadilisha tu kinachofanyika humo ndani.

Kijana wako kichwa chake kizima kabisa. Anayepata 45 kwenye 50 hana shida ya kumbukumbu. Anachokariri ndo chenye shida, anakariri sentensi ya kamusi. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 22 kabla sijahamia kufundisha walimu, na hili nimeliona mpaka nikalizoea: unamuuliza mtoto bidii ni nini, anakujibu fasta "ni juhudi", unamuuliza juhudi ni nini, "ni bidii". Amepata vema mbili na hajui hata neno moja. Au yule niliyempa neno adimu, akaandika vizuri kabisa "kitu kisichopatikana kwa urahisi", nikamwambia nitungie sentensi, akaandika "Leo Juma ni adimu kwa sababu anaumwa tumbo." Ukimwangalia hajakosea maana ya kamusi, Juma kweli leo hapatikani! Ila hakuna Mswahili anayesema hivyo, kwa sababu adimu lina watu wake linaotembea nao: mchele umekuwa adimu, mvua adimu, madini adimu, rafiki wa kweli ni adimu. Hao linaotembea nao kamusi haiwezi kuwamaliza, mtoto anawajua kwa kulisikia neno likitumika hapa na pale na pale tena.

Kuna kazi moja ilifanyika Marekani, Margaret McKeown na Isabel Beck na wenzao, wakaitoa mwaka 1985, na bahati nzuri ilikuwa kwa watoto wa darasa la nne kama huyu wako. Walijaribu maneno mengine mtoto akutane nayo mara 4, mengine mara 12. Yale ya mara 4 watoto maana waliweza kuitaja, lakini kuelewa habari yenye maneno hayo hakukuongezeka. Ya mara 12 ndo yalisaidia kuelewa. Sasa piga hesabu ya kwako, neno anaandika mara moja, anakariri mara moja mbili, Ijumaa anaulizwa, basi, Jumatatu yanaingia mengine 10 juu yake. Hata mimi na wewe tungesahau.

Kwenye idadi nitakujibu ila usiishike sana. Miaka ya 1980 William Nagy na wenzake, hukohuko Marekani, walikadiria mtoto wa shule anaongeza kama maneno 3,000 kwa mwaka, na hayo ni ya Kiingereza, Kiswahili huwezi kuhesabu vilevile kwa sababu shina moja letu linazaa ukoo mzima. Nakutajia ili uone kitu kimoja tu: maneno 10 kwa siku 5 kwa wiki 40 ni maneno 2,000, yaani hata angeshika yote bila kusahau moja bado usingefika. Hakuna mzazi wala mwalimu anayemfundisha mtoto maneno 3,000 moja moja. Mengi yanaingia yenyewe kwa mazungumzo na kwa kusoma, kidogo kidogo. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi walikusanya tafiti za wenzao wakaona kwamba katika maneno mageni 100 ambayo mwanafunzi anakutana nayo akisoma kawaida, anatoka na kama 15. Ni machache kwa kitabu kimoja, lakini anayesoma kila siku yanajaa.

Kwahiyo punguza. Toka maneno 10 kwa siku uje maneno 5 kwa wiki. Najua utaona machache, vumilia.

Lakini yapi sasa? Hapa ndo wazazi wengi wanapopotea, wanafungua kamusi wanachagua neno gumu. Beck ana namna ya kuyagawa ambayo mimi naitumia mpaka leo. Kuna maneno ya kila siku, mlango, kula, samaki, hayo mtoto anayo tayari. Kuna maneno ya somo moja, kama usanisinuru au ikweta, hayo mwachie mwalimu wa sayansi na wa jiografia, yatafundishwa siku yake. Halafu kuna ya katikati, ambayo hayasikiki sana barazani lakini yako kila kitabu na kila somo: sababisha, linganisha, athari, hatimaye, ingawa, endapo, isipokuwa, kadiria, chunguza, hifadhi. Hayo ndo ya kwako. Na mwanao yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, basi ongeza maneno ya maelekezo ya mtihani: bainisha, orodhesha, oanisha, kanusha, tofautisha. Nimesahihisha karatasi nyingi sana mama, mtoto kaambiwa abainishe yeye kaorodhesha, kaambiwa akanushe sentensi yeye kaandika kinyume cha neno. Jibu analo kichwani, swali ndo halijui. Inaniuma kila nikiikumbuka, kwa sababu maneno yenyewe hayafiki hata 20 na ni ya kumaliza kwa mwezi mmoja.

Ngoja nikuoneshe neno moja mwanzo mwisho, tuchukue hifadhi. Usimwambie maana. Muulize, madrasa mmehifadhi sura gani wiki hii? Atakutajia, maana watoto wetu wa Tanga wengi jioni wako chuoni na neno hilo analisikia kwa ustadhi kila siku. Muulize, ukihifadhi sura unakuwa umeifanya nini? Mwache ahangaike nayo, atasema nimeishika kichwani, haipotei. Vizuri. Siku ya pili mko jikoni, mwoneshe ng'onda, mwambie huyu samaki amehifadhiwa kwa chumvi na jua, bila hivyo angekuwaje? Angeoza. Siku ya tatu mtajie Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hapo mbele ya Pangani, muulize kwanini pori linaitwa hifadhi, nani anahifadhiwa na asipatwe na nini? Hapo mwenyewe ataona kitu kimoja kinapita kote, kwamba kuhifadhi ni kukitunza kitu kisipotee wala kisiharibike, awe samaki, iwe sura ya Kurani, awe tembo. Sasa ndo anafungua kamusi, na sasa maneno ya kamusi yana pa kukaa. Siku ya nne mwambie atunge sentensi ya kwake, isiwe ya kunakili, na umuulize kwanini. Siku ya tano muulize swali la kupima: nikiweka hela kwenye kibubu nimezihifadhi? Nikimpa jirani anitunzie? Nikizipoteza sokoni nikaziokota? Abishane na wewe. Akibisha kwa sababu, neno limeingia.

Hesabu limepita mara ngapi hapo, na hakuna alichokariri.

Halafu usimalize wiki ukalitupa. Liandikeni kwenye kipande cha boksi mkibandike karibu na mlango au pale mnapokula, na wewe mwenyewe ulitumie ovyo ovyo, "hebu hifadhi huo wali utaharibika". Kwangu kila kipande kinakaa mwezi mzima.

Tuje kwenye maneno ambayo hayamo kwenye kamusi. Yamo mama, ila mtoto hajafundishwa kuyatafuta, na Kiswahili kwenye hili ni kigumu kuliko Kiingereza, wazazi hawaambiwi. Kamusi zetu zinaweka kitenzi kwa shina lake, bila ku-, bila alivyo- wala wakimu-. Mtoto akikutana na "alimfungulia" anaenda herufi A, hakuna, anafunga kamusi. Inabidi alivue nguo: toa a, toa li, toa m, inabaki fungulia, ambayo utaikuta ndani ya fungua. Nomino nazo zinakaa kwa umoja, kwahiyo nyuzi aitafute kwenye uzi, kuta kwenye ukuta, meno kwenye jino, nyimbo kwenye wimbo, ndimi kwenye ulimi. Wiki mbili za mwanzo fanyeni na hilo kama mchezo, unamtajia neno refu kutoka kwenye kitabu chake, yeye analivua mpaka abaki na shina, mshindane nani kafika kwanza. Na mdogo mtu acheze, hata kama hajui kusoma vizuri.

Na mkishalipata shina msiondoke, tembeeni ukoo wake. Chukua funga: funga mlango, funga safari, funga ndoa, funga goli, funga Ramadhani. Kutoka hapo fungua, ufunguo, mfungo, mfungwa, kifungo. Kifungo cha shati na kifungo cha miaka miwili jela ni neno lilelile, muulize kwanini watu waliona vinafanana. Mtoto aliyewahi kukaa na ukoo mmoja hivi akikutana na mwingine anaanza kunusa mwenyewe.

Tena wewe uko mji wenye jina la kufundishia! Muulize tanga ni nini. Tanga la jahazi, kitambaa kinachokamata upepo. Yakiwa mengi ni matanga, lakini matanga pia tunakaa msibani. Kutanga ni kuzurura huku na huku, ndo kutangatanga. Neno moja, sentensi ndo inakwambia ni lipi. Ukitaka asizoee kubabaika akiona neno analolijua limekaa mahali pasipo pake, mfundishe kuuliza "hapa lina maana gani?" badala ya "lina maana gani?" Hiyo hapa ina uzito kuliko unavyofikiri.

Jambo lingine ambalo halikuwa kwenye swali lako ila lazima niliseme. Watoto wa kwetu wanaambiwa hawana msamiati wakati wanao mwingi, ila si ule wa kitabuni. Mtoto aliyekulia karibu na Deep Sea, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anajua changu, tasi, kibua, nguru, kolekole, pono, anajua mashua na ngalawa na dau, kitabu kinamwambia "samaki" na "chombo". Mwengine nyumbani wanasema Kidigo au Kibondei au Kisambaa, mwengine bibi yake ni wa Mtang'ata na Kiswahili chake kina maneno yake. Msimcheke na msimkataze. Anza na lake: hiki we unakiitaje? Bibi anakiitaje? Kitabu kinakiitaje? Mkinunua samaki mwambie akuoneshe magamba, mapezi, matamvua, afu mwoneshe na matamvua ya kikoi cha babu, aone jinsi zile nyuzi zinazoning'inia zinavyofanana na za samaki. Mtoto anayechambua hivyo sokoni, akikutana na "sehemu za mwili wa samaki" kwenye sayansi anajibu bila kukariri.

Na soma naye, mama. Kurasa mbili tu. Wewe soma kwa sauti yeye asikilize, hata kama anajua kusoma, maana akisoma mwenyewe kwa ile spidi nguvu zote zinaishia kwenye kutamka. Ukifika kwenye neno geni simama, mwache abahatishe kutokana na yaliyotangulia, endelea. Usisimamishe zaidi ya mara tatu au nne, stori ikikatika katika anachoka na wewe. Na usimdanganye kwamba maana siku zote itapatikana kwenye sentensi, kuna sentensi hazitoi kitu, hapo mwambie tu waziwazi au mwende kwenye kamusi.

Tuisheni siikatai, ila kaulize kwanza humo ndani wanafanya nini. Kama ni kunakili maneno na maana ubaoni, hiyo unayo nyumbani bure, na umeshaona matokeo yake. Tofauti na hapo, kama hata habari fupi yenye maneno ya kawaida kabisa, ya sokoni na jikoni, akisomewa na wewe haelewi, basi si msamiati peke yake, mpeleke wakamwangalie masikio na uongee na mwalimu wake. Akisomewa anaelewa ila akisoma mwenyewe haelewi, mpunguzie spidi, arudie sentensi kwa maneno yake kila aya.

Anza Jumatatu na hifadhi. Na ukikwama na neno lolote niandikie, ila usiniandikie neno tupu, nitumie na sentensi yote lilikotoka.