Kuwaua mnandi hakutarudisha samaki Ziwa Victoria

Mkuu, umeuliza kama kukata miti wanayotagia mnandi, ndege wala samaki, kutawarudisha samaki Ziwa Victoria. Hapana, na naomba sana msiikate.

Mnandi anakula samaki, na akidokoa kwenye nyavu zako inauma, hilo silikatai. Lakini ndege huyu alikuwepo enzi ambazo furu, samaki wadogo wa ziwa hili, walijaa ziwani. Aliyewapukutisha furu kwa kiasi kikubwa ni sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akatawala ziwa miaka ya 1980. Ndege nao waliguswa: mdiria (ndege mwingine mla samaki) wa Ghuba ya Mwanza, aliyezoea furu, ikabidi ahamie kwenye dagaa.

Leo liangalie kokoro, wavu wa kukokota. Linaburutwa kwenye maji ya kina kifupi, palepale samaki wanapokulia, linazoa mpaka wachanga. Ongeza nyavu haramu za timba, na sangara wa chini ya sentimita 50 wanaovuliwa kabla wengi wao hawajazaa hata mara moja!

Kisha tazama Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya ziwa. Mnandi na furukombe (tai mla samaki) wamejaa, uvuvi umepigwa marufuku, na maji yale ni mazalia ya samaki. Pelekeni hoja hiyo BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe wenu, kabla mtu hajashika panga.