Mama mkwe alijua, akanyamaza

SWALI: Mama, jambo. Ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mkubwa wetu ni binti, mzima kabisa. Wa pili, mvulana, tulimzika mwaka jana wakati wa baridi, akiwa na miaka mitatu. Tangu uchanga wake vidole vilikuwa vinavimba, macho yanageuka manjano, analia usiku kucha. Kwa mume wangu walisema ni bulozi, uchawi, wa upande wetu, tukazunguka vyumba vya maombi mpaka pesa ikaisha. Sasa wa tatu ana miezi kumi na mikono imeanza kuvimba vilevile. Nilimpeleka hospitali bila kumwambia mtu. Wakapima damu: SS, yaani drepanositozi, ugonjwa wa selimundu. Mume wangu akasema kwao hakuna drepanositozi, eti nimtafute baba wa mtoto. Kupimwa hataki. Halafu kwenye matanga ya juzi shangazi yake akanivuta pembeni: mama mkwe alizika watoto wawili kule Likasi, wote walikuwa wanavimba mikono, na mume wangu hajawahi kuambiwa. Niliseme mbele ya ukoo? Ama nirudi kwetu?
Mama wa watatu

JIBU: Mwanangu, pole sana. Umejiandika mama wa watatu, na asikuambie mtu kwamba una wawili.

Kabla ya ukurasa huu nilikuwa muuguzi wa watoto hapa Lubumbashi. Vidole hivyo ninavijua: vimejaa kama vilivyoumwa na nyuki, mtoto anarudisha mkono hata kabla hujamgusa. Kwa hiyo nianze na huyu aliye mgongoni mwako, ukoo utasubiri.

Mwombe daktari akupangie penisilini ya kila siku, asidi ya foliki na chanjo zote, ya nimonia isikosekane. Muulize pia kuhusu haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu. Mtoto wa umri wake anaweza kuanzishiwa, mradi damu yake ifuatiliwe. Sirapu ya chuma usimpe kwa sababu tu jirani amesema damu imepungua. Alale ndani ya chandarua, anyonye na kunywa mara kwa mara. Na baridi yetu ya Juni na Julai, unaijua: maji ya kuoga yapashwe moto, soksi na sweta hata ndani ya nyumba. Siku ya ugonjwa huu duniani ni tarehe 19 Juni, na kwetu inaangukia katikati ya miezi hiyo inayoamsha maumivu.

Akipata homa, ni hospitali saa hiyohiyo. Hata kama ni usiku, hata kama mchungaji yuko njiani. Mwambie pia muuguzi akufundishe kushika bandama: mtoto amelala chali, vidole vyako vinateremka taratibu chini ya mbavu za kushoto. Ufanye kila siku ili ujue ilivyo akiwa salama. Siku utakayoikuta imevimba ghafla na midomo yake imepauka, usingoje chochote. Anahitaji kuongezewa damu.

Sasa neno la mume wako. Mtoto hawi SS kwa damu ya mzazi mmoja. S ni alama ya ugonjwa huu katika damu, A ni ya damu ya kawaida, na kila mzazi hutoa herufi moja. Wewe umempa S moja, baba yake amempa nyingine, na wote wawili mnaweza kuwa AS, mnatembea, mnafanya kazi, hamuumwi kitu. Wazazi wa AS wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, na kila mimba inaanza hesabu yake upya; binti yenu kuwa mzima hakukuwakinga waliofuata. Na kama watoto wale wa Likasi walikuwa SS, basi mama mkwe na baba mkwe wote walikuwa na S, na mtoto wao aliyekua bila ugonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa AS. Kipimo anachokikimbia, elektroforesi ya hemoglobini, ndicho kitakachokutetea. Naye akisikia kwamba kuwa AS si kuumwa, huenda woga ukapungua.

Mbele ya ukoo, hapana. Nakukataza kabisa. Nenda kwa mama mkwe peke yako, mchana, mtoto ukiwa naye. Usimtaje shangazi. Mfungulie mikono ya mjukuu wake na umwambie, "Mama, nimezika mmoja, huyu sitaki kumzika. Nisaidie." Halafu unyamaze, umwache alie akitaka kulia. Huyo ni mwanamke aliyezika wawili, na labda naye aliambiwa ni bulozi wa kwao, kama wewe ulivyoambiwa. Aliponyamaza ulipolaumiwa amekukosea, tena sana, na siku yake ya kuambiwa hivyo itafika. Leo unamhitaji, kwa sababu neno la Likasi likitoka kinywani mwake mwanawe atalisikia. Likitoka kwako ataliita fitina.

Mama akikataa, usirudi kumsihi. Mfuate baba mdogo au mzee wa kanisa ambaye mume wako anamheshimu, aende naye hospitali, daktari awaeleze wanaume kwa wanaume.

Kurudi kwenu: mume anayesema "tafuta baba wa mtoto" amekujeruhi, sitakuambia uvumilie tu. Lakini kama hakupigi na pesa ya dawa anatoa, mpe muda wa kupimwa. Akianza kuizuia pesa ya dawa, chukua watoto na daftari la hospitali, uende kwa mama yako.

Binti mkubwa naye apimwe, ili siku ya kuposwa ajue la kumuuliza mchumba. Na mimba nyingine isubiri mpaka mmekaa wawili mbele ya daktari. Wiki hii, unapokwenda kuchukua penisilini, pita kwenye uzazi wa mpango.