Mitambo ya sola kwenye ardhi ya jiwe: tunajibu maswali yenu

Nimeonyeshwa ekari 20 za uwanda, yaani ardhi ya jiwe, Makunduchi. Zitachukua megawati ngapi?

Megawati moja hula ekari tatu na nusu hivi, pamoja na njia za gari na nafasi baina ya safu. Hesabu megawati 5 au 6. Megawati 5 ni paneli 9,100 hivi za wati 550. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, basi hakikisha kwanza mkataba wa kukodi. Kisha waulize ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, laini ya kilovolti 33 iliyo karibu inaweza kupokea kiasi gani. Ukilazimika kujenga laini ndefu mwenyewe, faida itaishia huko.

Mkandarasi anataka kupigilia nguzo za paneli moja kwa moja kwenye jiwe. Tumkubalie?

Msimkubalie. Kwenye jiwe la matumbawe nguzo hupinda, au kichwa hupondeka na zinki ikabanduka, kisha kutu ikaanzia hapo. Jiwe litobolewe kwa keekee, kina cha mita moja na nusu hivi, nguzo isimamishwe na shimo lijazwe uji wa saruji. Mtu akae na keekee muda wote: ikizama ghafla bila kukaza, chini kuna pango, na uji utapotea humo bila shimo kujaa. Acheni kumwaga, sogezeni shimo au tumieni mfuko wa kitambaa unaozuia uji usitawanyike.

Kabla ya kuagiza vyuma, simamisheni nguzo za majaribio sehemu mbalimbali za shamba, mzivute kwa jeki kwenda juu na ubavuni. Upepo wa kusi huzishika paneli kama tanga, na hatua kumi tu mbele jiwe laweza kuwa laini.

Paneli zielekezwe wapi?

Kaskazini, kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta. Nyuzi 10 zatosha. Zikilala zaidi, uchafu huganda ukingo wa chini.

Tuko karibu na pwani. Chumvi tuikabili vipi?

Dai cheti cha IEC 61701 cha paneli, yaani kipimo cha kustahimili ukungu wa chumvi, vyuma vilivyochovywa kwenye zinki ya moto, na bolti za chuma cha pua daraja la 316. Alumini isigusane na chuma kitupu: maji ya chumvi yakiingia baina yao, alumini huliwa. Weka washa za nailoni baina yao. Viunganishi vya nyaya viwe vya mtengenezaji mmoja. Vikichanganywa hupata joto na kuungua.

Tuko Wete. Betri ni za lazima?

Kwa Pemba, tungeziweka. Kisiwa hupata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na wingu moja laweza kukata zaidi ya nusu ya uzalishaji ndani ya dakika. Betri hulainisha mshuko huo na kubeba sehemu ya mahitaji ya jioni.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima baada ya njia ya waya wa baharini kuharibika. Inveta, mashine zinazogeuza umeme wa paneli au betri uingie kwenye gridi, kwa kawaida hujizima gridi inapokatika, hata jua likiwa kali. Andikeni kwenye mkataba kwamba inveta za betri ziweze kuanzisha gridi zenyewe, na zijaribiwe hivyo kabla hamjapokea mtambo.